Mistari Miwili ya Njano

Ruanda, Mbozi
14 Januari 1996

Mwanangu Atuganile,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla ya kufungua bahasha. Sisi hapa tu wazima. Binti yangu Ketrina amejifungua salama huko Mkwajuni, mtoto wa kiume, na mumewe ameapa kuacha mashimo ya dhahabu. Tumempongeza kwa mtoto, kiapo tumekiacha kama kilivyo. Yule mbuzi wako mwenye ndevu aliingia kanisani Jumapili katikati ya maombi akatafuna maua ya mezani. Mchungaji alinitazama mimi, mbuzi hakumtazama.

Nakuandikia kwa jambo dogo tu. Kuna jirani yangu, jina nalihifadhi, mahindi yake yamefika magotini na yana rangi ya njano. Mvua ipo, palizi amepiga, mbegu alinunua dukani Vwawa. Mwaka jana yalikuwa hivyohivyo. Ananisumbua nikuulize wewe unayesomea udongo. Mjibu basi nipumue.

Soma kwa bidii, na usilale na njaa kwa ajili ya kitabu. Marehemu kaka yangu, baba yako, alikuwa na tabia hiyo na hakunenepa hata siku moja.

Shangazi yako,
Enesi


Morogoro
5 Februari 1996

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka wenzangu chumbani wakataka wasomewe. Mpe Ketrina hongera zangu, na mbuzi mfungeni kamba siku za ibada.

Mimi sijambo. Nimepewa kazi ya utafiti: naotesha mahindi ndani ya maji, bila udongo hata punje, ili nione mizizi inavyokunywa salfa, chakula kimojawapo cha mimea. Najua utasema umenisomesha kwa kahawa yako ili nije nilime kwenye ndoo.

Mwambie jirani yako asihangaike. Mahindi yakiwa ya njano yana njaa ya naitrojeni, hilo tulilisoma mwaka wa kwanza. Atie mbolea ya urea ya kukuzia, asiionee choyo. Atanishukuru.

Mwanao,
Atuganile


Ruanda
24 Machi 1996

Atuganile,

Hatujambo. Mtoto wa Ketrina anakua. Mumewe karudi mashimoni.

Jirani ametia urea. Mahindi yamerefuka haraka kama vijana wa sekondari, yamekonda vilevile, na njano imezidi. Jirani anasema msomi wangu amejibu kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Sina mengi.

Enesi


Morogoro
12 Aprili 1996

Shangazi,

Shikamoo. Nimeona haya. Nilijibu kabla ya kuuliza, na daktari akifanya hivyo huua mtu.

Sasa nauliza. Majani yapi ndiyo ya njano, yale ya zamani ya chini, au machanga ya juu? Usinieleze kwa maneno. Kata jani moja la juu na moja la chini, yakaushe katikati ya kitabu cha nyimbo, uyatie kwenye bahasha.

Na huyo jirani ni nani? Nimekulia mikononi mwako hapo hapo Ruanda, na majirani wote nawafahamu. Hakuna hata mmoja mwenye ulimi wa kusema lile neno la sufuria isipokuwa wewe.

Atuganile


Ruanda
9 Mei 1996

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, nasi tupo. Majani haya hapa. Mengi yameanza kukauka, nimetafuta yaliyobaki na uhai. Njano ni ya juu. Ya chini ni kijani, ndiyo maana mtu akiinama haoni kitu na akisimama anaona aibu.

Jirani ni mimi.

Shamba ni lile la bondeni alilolifungua marehemu mume wangu, Lusubilo. Tangu tumzike, mahindi yanapauka mwaka hadi mwaka. Shemeji yangu Damiano amesema mbele ya watu, "Shamba lile halimtaki mjane." Wengine wakacheka, wengine wakaitikia kwa kichwa, na hao wa kichwa ndio walioniumiza. Mzee Mbonile, mkubwa wa ukoo wao, amekata shauri: wataangalia mavuno ya mwakani. Yakiwa kama haya, shamba linakwenda kwa Damiano. Mimi nitabaki na nyumba na zile kahawa za nyuma ya choo.

Sikukuambia kwa sababu una mitihani, tena kwa sababu sipendi kuhurumiwa. Sasa nimesema. Usinihurumie, nipe kazi.

Shangazi


Morogoro
2 Juni 1996

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sikuhurumii. Nimekasirika, na hasira nimeitumia kusoma.

Majani yamefika bila kuvunjika. Mahindi yakikosa naitrojeni, mmea huivua kutoka majani ya zamani na kuyapa machanga, kama mama anayejinyima mtoto ale. Hapo njano huanzia chini. Salfa haihami kwa urahisi huo. Jani la zamani hubaki na yake, na jani changa linalozaliwa leo ndilo linalokuta chungu kitupu. Njano yako iko juu. Shamba lako lina njaa ya salfa, na urea haina salfa hata chembe. Niliyatuma mahindi yako yakimbie wakati hayajala.

Sikiliza sasa jambo ninaloshughulika nalo huku. Kwenye ngozi ya mzizi kuna milango midogo ambayo hakuna jicho lililoiona. Salfa haijiingilii tu, lazima ipite mlangoni. Na mzizi haujiamulii. Jani likishiba hupeleka habari chini, na mzizi hupunguza milango hata kama nje salfa imejaa tele. Jani likiwa na njaa, habari hiyo nayo hushuka, na mzizi huongeza milango ili usipitwe na hata kidogo kinachopita. Kwa hiyo mahindi yako hayakuwa mavivu, Shangazi. Yalifungua milango yote yakakuta nje hakuna mtu.

Kwa nini hakuna? Zamani chama cha ushirika kilituletea mbolea ya SA, na ile ina salfa. Siku hizi kila mwenye duka analeta anachotaka, nao wanapenda urea. Hiyo ni sababu moja. Nyingine naiogopa kuiandika, ila umeniambia nikupe kazi. Mzee Lusubilo alikuwa akifukia nyasi na mabua ndani ya matuta, nasi watoto tukiyakanyaga tukiimba. Wewe unachoma. Sehemu kubwa ya salfa ya mabua huondoka na moshi. Kila Septemba unakipeleka mbinguni chakula cha Januari.

Mwaka huu usichome. Fukia.

Mahindi yangu yanaendelea.

Atuganile


Ruanda
18 Septemba 1996

Mwanangu,

Marahaba. Kahawa imekubali mwaka huu, mgongo ndio unalalamika. Mbuzi wako amezaa mapacha na mbuzi wa jirani, nasi tumedaiwa maelezo.

Ulisema nachoma kana kwamba napenda moshi. Sikiliza na wewe. Mume akiwapo, shamba lake likijaa mabua watu husema, "Huyu anafukia, ana maarifa." Mume akifa, mabua yale yale yakibaki shambani watu husema, "Mjane amelala." Nilichoma ili niwe safi. Kila mwaka shamba langu lilikuwa la kwanza kung'aa bonde zima, na nilijisifia hilo, kumbe nilikuwa nikijichomea unga.

Basi mwaka huu niliacha. Mabua yalilala kama nguo zisizokunjwa. Bombani Yunisi wa hapa jirani akaniuliza mbele ya wanawake wenzangu kama naumwa. Nikamjibu kwamba naumwa na watu wanaoniuliza. Nikaanza kuchimba matuta kutoka upande wa mto, kidogo kidogo kila asubuhi.

Halafu nikaenda Mbozi Mission kwenye mkutano wa akina mama. Niliporudi nilinusa kabla ya kuona. Shamba lote jeusi, isipokuwa yale matuta machache. Damiano alikuwa amekaa kwenye gogo anafuta majivu miguuni. Akasema, "Shemeji, nimekusaidia. Niliona umechoka."

Nilimshukuru, Atuganile. Nilimshukuru kwa mdomo wangu huu, nikaingia ndani nikaiuma kanga. Hakufanya kwa ubaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi, maana mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Nimelia mara moja, imetosha. Mvua zinakuja na mimi shamba sitoi. Niambie njia nyingine.

Na mahindi yako ya kwenye ndoo? "Yanaendelea" ni neno la mtu aliyefiwa. Nimekulea, nalijua.

Shangazi


Morogoro
10 Oktoba 1996

Shangazi,

Shikamoo. Yalikufa.

Yalikufa mwezi wa tano. Mizizi ndani ya maji inataka kupuliziwa hewa, na kuna mashine ya umeme inayofanya hivyo. Umeme ulikatika Ijumaa, ukarudi Jumatatu, nikakuta mizizi imekuwa ya kahawia na inanuka. Mwalimu wangu alinishauri nichukue kazi nyepesi zaidi. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na mzigo wako. Naona sote wawili tuna ugonjwa mmoja.

Nilikataa kazi nyepesi. Nimeanza upya, na safari hii umeme sikuungoja. Nimeazima pampu ya baiskeli, na mwenzangu Ombeni tunapokezana kupuliza. Chuoni wanatuita mafundi pancha. Mikono yangu sasa ungeitambua, imekuwa kama ya kwako.

Nami nimeona kwa macho yangu kile nilichokuandikia kwa kukisoma tu. Mahindi mengine niliyanyima salfa mpaka majani ya juu yakapauka. Kisha nikayapa yote maji yenye salfa ya kiasi kimoja, yenye njaa na yaliyoshiba. Yenye njaa yaliipunguza ile salfa upesi kuliko yale mengine kwa mbali sana. Milango ilikuwa wazi ikisubiri. Halafu, baada ya kushiba, yakapunguza mwendo yenyewe bila kuambiwa na mtu. Nilikaa chini kwenye sakafu ya maabara nikacheka. Ombeni alidhani nimechanganyikiwa.

Maana yake kwako ni hii: shamba lenye njaa halijafa. Nenda Tunduma. Wazambia wanavusha mbolea ya kupandia wanayoiita D. Kwenye gunia, pamoja na zile namba, tafuta herufi S. Usipoiona, usinunue, hata muuzaji akikuapia. Tia kwenye shimo pamoja na mbegu, kidogo, funika udongo. Usizidishe kwa hasira. Mmea ukishiba unafunga milango, na kinachobaki mvua inakipeleka mtoni. Urea utie baadaye, sasa itapata mwenzake. Na yale matuta ya upande wa mto yaache yafanye kazi yake.

Jambo moja gumu. Katikati ya shamba acha mistari miwili bila D. Vingine vyote sawa, mbegu ile ile, siku ile ile. La sivyo Damiano atasema ni mvua.

Atuganile


Ruanda
26 Januari 1997

Mwanangu fundi pancha,

Marahaba. Pole kwa mahindi, na pole kwa kunificha. Nilikuwa na haki ya kukulilia japo siku moja. Ketrina yuko hapa na mtoto wake, anatambaa na kula udongo. Nimemwambia mama yake amwache, huenda ana upungufu wa kitu.

Tunduma nilikwenda. Vumbi, malori, watu wanabadilisha fedha wakitembea. Kijana mmoja akaniita, "Bamayo, njoo, mbolea ni hii, mulimo bwino!" Kwao bamayo ni mama, na bwino ni vizuri; nikamwambia hiyo bwino nitaiona mwenyewe. Nikageuza gunia la kwanza, S hakuna. La pili hakuna. Akaanza kunicheka, akawaita wenzake waje wamwone mama anayesoma magunia. La tatu nikaiona. Nikaliwekea mkono juu na nikasema, "Hili." Aliacha kucheka akanisaidia kulibeba hadi kwenye gari, akaniuliza ile S ni ya nini. Nikamwambia, "Ni ya shangazi." Atajifunza mbele ya safari.

Nimepanda kama ulivyosema. Matone ya kwanza ya Desemba yamenikuta nimemaliza. Sasa yamefika magotini, na nenda rudi yangu ya kila asubuhi ni kuangalia jani la juu. Ni la kijani, Atuganile. Nimelishika, nimelipindua, nimelitazama na jua nyuma yake. Kijani mpaka ncha.

Na katikati, mistari yako miwili, njano kama wagonjwa wa homa ya manjano. Kila anayepita anaiona kwanza hiyo. Damiano husimama ukingoni mikono nyuma, anatazama, anaondoka. Mimi inaniuma kama watoto niliowanyima makusudi. D imebaki kidogo kwenye gunia. Nikiiyeyusha nikayamwagia, si yatanyanyuka? Umesema mwenyewe milango iko wazi.

Enesi


Morogoro
11 Februari 1997

Shangazi,

Shikamoo. Yatanyanyuka, ndiyo. Kwa hiyo usiguse.

Hiyo mistari miwili ndiyo itakayokusemea siku ya baraza la ukoo. Uikinge na mbuzi.

Atuganile


Ruanda
20 Julai 1997

Mwanangu Atuganile,

Marahaba, marahaba tena. Nimesikia umefaulu kazi yako ya ndoo. Habari imeletwa na mwalimu wa hapa, nami nimejifanya nilikuwa najua. Nimechinja kuku, nimekula paja lako.

Sasa baraza. Mzee Mbonile hakutaka tukae nyumbani. Akasema twende shambani, shamba lijibu lenyewe. Tukaenda ukoo mzima, hata Yunisi akajipenyeza na kikapu kana kwamba anapita. Mzee akaingia katikati ya mistari na fimbo yake, akamenya hindi hapa, akamenya pale. Akafika kwenye ile miwili. Akamenya. Lilikuwa dogo, limejaa nusu, kama mdomo wa mzee mwenye mapengo. Akashika hilo mkono huu na la mstari wa jirani mkono ule, akatutazama.

Damiano akasema, "Mwaka huu mvua ilikuwa nzuri."

Mzee akasema, "Mvua gani inaruka mistari miwili?"

Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Nikaeleza. Nikaeleza salfa, moshi, jani linavyopeleka habari kwenye mzizi. Sijui kama nilieleza sawasawa, ila hakuna aliyesinzia. Nilidhani hapo yamekwisha.

Hayakwisha. Damiano alivua kofia akasema polepole, "Shemeji, mimi nakuuliza kitu. Tangu kaka azikwe, hujawahi hata siku moja kusema kwamba unalitaka shamba hili. Tulipolizungumza ulikaa kimya. Nilipolichoma ulinishukuru. Nilidhani umechoka, unaona aibu tu kuaga urudi kwa ndugu zako. Mzigo niliutaka niutue."

Nikataka kumjibu kwa ukali, mwanangu, maneno nilikuwa nayo tangu mwaka juzi. Lakini alikuwa amesema kweli. Nilidhani jembe linanisemea. Kila mwaka nililima, nilipalilia, nilivuna, na nikaona mtu mwenye macho atajua. Kumbe wenzangu wote walikuwa huko chini wakingoja habari kutoka juu, na mimi nimeikalia.

Mzee Mbonile akanigeukia. "Enesi, unalitaka?"

Nikasema, "Nalitaka."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nikasema tena, "Nalitaka. Ni langu na Lusubilo, na sijachoka." Nililia hapo hapo mbele yao, na sikujificha kwenye kanga.

Mzee akaliweka lile hindi kubwa mikononi mwangu. "Basi," akasema, "kwa nini tulikuja?" Wakaondoka wakizungumza habari za ng'ombe.

Jioni Damiano alikuja kwa mlango wa jikoni. Akakoroga uji ambao si wake, akatazama dari, mwishowe akasema mahindi yake nayo mwaka huu yalikuwa na rangi ya njano juu. Nikamwambia kiberiti chake akiache nyumbani kwake, tutaanzia hapo. Ameahidi kuja na jembe na vijana wawili kunifukizia mabua. Nimemsahihisha: ni kufukia. Kufukiza amekwisha kunifanyia.

Likizo yako ije mapema. Usiniandikie tena kwamba mambo yanaendelea. Kikifa kitu, andika kimekufa, nami nitafanya vivyo hivyo, ingawa itanichukua muda kuzoea.

Mahindi yameingia ghalani. Mabua yote nimeyaacha yamelala, kuanzia mtoni hadi njia ya kanisani, na watu wanapita wanayatazama. Shamba langu ni chafu, mwanangu. Njoo ulione.

Shangazi yako,
Enesi